Ganda la Mishipa ya Fahamu na Habari za Seli Shina

Popote ulipo, iwe ni hapa Kiganjo, Chaka, Naro Moru, Mweiga, Karatina au Nyeri mjini, keti nasi kwa dakika chache. Kama umeweka maziwa jikoni, yaache yachemke vizuri. Tutayarudia hayo maziwa baadaye, kwa maana yana uhusiano na mazungumzo yetu.

Leo tunazungumzia jambo ambalo linawasumbua wazazi wengi. Mtoto amechelewa kukaza shingo, kukaa au kutembea. Mama ameelezwa hospitalini kwamba ubongo wa mtoto uliumia karibu na wakati wa kuzaliwa. Kisha anatokea mtu na habari mpya: iko mahali, mbali na hapa, ambapo watoto kama hao hutibiwa kwa seli shina. Mtoto hudungwa sindano, na mishipa yake hujitengeneza upya. Bei yake ni ya kutisha. Jamaa wanaitwa, kamati ya harambee inaundwa. Wengine wanauza ng'ombe wa maziwa. Wengine wanauza kipande cha shamba.

Je, habari hii ni ya kweli? Kwa ufupi, wanasayansi wameona mambo ya kutia moyo katika maabara, na kazi hiyo inaendelea. Lakini mambo hayo bado hayajawa tiba iliyothibitishwa ya kumnunulia mtoto. Tutaeleza pole pole, ili siku utakapoletewa habari hiyo ujue la kuuliza. Pia tutakueleza unachoweza kufanya leo bila kuuza chochote.

GANDA HILI NI NINI?

Mwilini kuna mishipa ya damu na kuna mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu hubeba habari kati ya ubongo na sehemu nyingine za mwili. Ukigusa sufuria ya moto, habari hukimbia kutoka kidoleni, na mkono huondoka mara moja.

Sasa tazama waya wa stima. Ndani kuna shaba, na nje kuna ganda la plastiki. Ganda likichubuka, stima huvuja, taa hupepesa na hata kuzimika. Mishipa mingi ya fahamu nayo ina ganda lake. Ganda hilo huitwa mayelini. Sehemu yake kubwa ni mafuta, nalo limezungushwa tabaka juu ya tabaka, kama kitambaa kilichofungwa kwenye kidole. Jina hilo lilitolewa na daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, mwaka wa 1854.

Ganda hili lina kazi mbili kubwa. Kwanza, huharakisha habari. Katika mshipa mwembamba usio na ganda, habari husafiri kwa takriban mita 1 kila sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Katika mshipa mnene wenye ganda zuri, habari huweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Pili, ganda hulinda na kulisha mshipa wenyewe. Likikosekana kwa muda mrefu, mshipa wa ndani nao huanza kufa.

Ganda halijitengenezi lenyewe. Kuna seli maalumu ambazo kazi yake ni hiyo tu. Katika ubongo na uti wa mgongo, seli hizo huitwa oligodendrositi. Katika mishipa ya mikono, miguu na sehemu nyingine za mwili, huitwa seli za Schwann. Kwa urahisi, katika mazungumzo haya tutaziita mafundi wa ganda.

Mtoto huzaliwa kazi ya mafundi hawa ikiwa haijaisha. Huanza mimba ikiwa bado tumboni, huenda kwa kasi kubwa katika miaka 2 ya kwanza, na huendelea pole pole hadi utu uzima. Hiyo ni sababu moja ya mtoto kukaza shingo kwanza, kisha kukaa, kisha kusimama, na mwishowe kutembea. Kadiri ganda linavyokamilika, ndivyo anavyoweza kuutawala mwili wake.

GANDA HUHARIBIKA KWA NJIA GANI?

Njia ni nyingi. Hapa tutataja tatu ambazo mzazi anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni kuumia kwa ubongo wa mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata maambukizi makali, huweza kuumia ubongo. Kwa watoto waliozaliwa mapema sana, seli zinazoumia kwa urahisi ni wale mafundi wachanga wa ganda. Baadhi hufa. Wengine hubaki hai lakini hukwama, hawakomai na hawafanyi kazi. Matokeo yake huweza kuwa mtindio wa ubongo, ambapo miguu au mikono hukakamaa au kulegea. Tukumbuke kwamba si ganda peke yake linaloumia. Mara nyingi na sehemu nyingine za ubongo huwa zimeumia.

Njia ya pili ni pale kinga ya mwili inapokosea na kushambulia ganda. Kwa watu wazima, na mara chache kwa watoto, kuna ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, unaoharibu ganda katika ubongo na uti wa mgongo. Upo ugonjwa mwingine unaoweza kumpata mtoto au mtu mzima, nao huharibu mishipa ya mikono na miguu. Huitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioueleza mwaka wa 1916 pamoja na mwenzao. Mara nyingi huanza siku chache au wiki chache baada ya kuhara au homa. Miguu huchoka na kufa ganzi, kisha udhaifu hupanda juu. Ukifika kifuani, mgonjwa hushindwa kupumua.

Mojawapo ya vijidudu vinavyojulikana sana kuutangulia ugonjwa huu ni kampilobakta. Kijidudu hiki hupatikana katika nyama ya kuku isiyoiva na katika maziwa mabichi. Ndiyo sababu tulitaja maziwa yako yaliyo jikoni. Hapa Kiganjo tunajulikana kwa kiwanda cha maziwa, na boma nyingi zina ng'ombe. Maziwa ni baraka, lakini yachemshwe kwanza, hata kama ng'ombe ni wako na unamkamua mwenyewe.

Njia ya tatu ni ukosefu wa vitamini B12. Bila vitamini hii, ganda haliwezi kutengenezwa wala kutunzwa vizuri. Hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: maziwa, mayai, nyama, maini na samaki, pamoja na omena. Githeri na mukimo ni vyakula vizuri, lakini havina vitamini hii. Mama anayenyonyesha ambaye kwa muda mrefu hapati vyakula hivyo kabisa, mtoto wake naye huikosa katika maziwa ya mama.

JE, GANDA LILILOHARIBIKA HUWEZA KURUDI?

Ndiyo, huweza. Hili ni jambo la kutia moyo, na wazazi wengi hawajawahi kuelezwa.

Chukua huo ugonjwa wa Guillain-Barré. Mtu aliyelala kitandani bila kuinua mguu huweza kuamka na kutembea tena. Takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hutembea wenyewe baada ya miezi 6, hasa wakifika hospitalini mapema. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba seli za Schwann huanza kazi upya na kuuzungushia mshipa ganda jipya.

Katika ubongo na uti wa mgongo, ganda pia huweza kurudi, lakini kwa shida zaidi. Mafundi wachanga wapo, hata kwa mtu mzima. Tatizo ni kwamba mahali palipoumia huwa na uvimbe na makovu, na mafundi hao hawapati ishara ya kuwaambia wakomae na kuanza kazi. Hapo ndipo habari za seli shina zinapoingia.

SELI SHINA NA VITU ZINAVYOTOA

Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi moja. Zina uwezo wa kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hupatikana katika uboho, yaani ile mafuta laini iliyo ndani ya mifupa, katika damu ya kitovu na katika sehemu nyingine za mwili. Kupandikiza uboho ni tiba iliyothibitishwa kwa baadhi ya magonjwa ya damu, kama aina fulani za saratani ya damu. Tafadhali usichanganye tiba hiyo na zile zinazotangazwa za kurekebisha ubongo. Ni mambo mawili tofauti.

Aina moja ya seli za uboho ilipewa jina la seli shina na mwanasayansi wa Marekani, Arnold Caplan, mwaka wa 1991. Wakati huo wengi walidhani kwamba ukizidunga mwilini zitaenda mahali palipoumia, zigeuke, na kujaza pengo, kama fundi anayebadilisha tofali lililovunjika.

Lakini walipochunguza waliona ajabu. Seli nyingi zilizodungwa kwenye mshipa wa damu zilinaswa mapafuni, na baada ya siku chache zilikuwa zimetoweka. Hata hivyo wanyama waliotibiwa waliendelea kupata nafuu. Nafuu hiyo ilitoka wapi, na seli zenyewe hazipo?

Jibu ni kwamba seli hizo hutoa vitu. Hutoa protini za aina nyingi, na hutoa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, ambavyo hubeba ujumbe kwa seli nyingine. Vifuko hivyo huitwa eksosomu. Caplan mwenyewe aliandika mwaka wa 2017 akipendekeza seli zile zibadilishwe jina, kwa sababu kazi yake kubwa ni kutoa ishara za uponyaji, wala si kugeuka kuwa viungo vipya.

Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland nchini Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio muhimu. Walikuza seli za uboho wa binadamu katika majimaji ya lishe. Kisha waliziondoa seli zote, wakabaki na majimaji peke yake. Wakawapa majimaji hayo panya waliokuwa na ugonjwa unaofanana na maltipo sklerosisi. Panya wakapata nafuu, ingawa hawakupewa hata seli moja. Walipoyachambua majimaji hayo, wakapata protini moja iliyofahamika tangu zamani kwa kukuza seli za ini. Walipoizuia protini hiyo, nafuu ikatoweka. Walipowapa panya protini hiyo peke yake, nafuu ikarudi.

Unaweza kulifikiria hivi. Mama akijifungua, akina mama jirani humtembelea. Hawaji kuchukua nafasi yake wala kumnyonyeshea mtoto. Mmoja huleta uji. Mwingine hufua nguo. Mwingine hutuliza kelele za watoto wakubwa. Kisha wanaondoka, lakini mama amepata nguvu ya kufanya kazi yake mwenyewe. Seli shina nazo huonekana kusaidia vivyo hivyo, kwa njia tatu. Vitu zinavyotoa hutuliza kinga iliyokasirika. Hulisha na kulinda seli zilizobaki hai. Na huwaamsha mafundi wachanga waliokwama, ili wakomae na kuzungusha ganda.

KWA BINADAMU HALI IKOJE?

Hapa tunakuomba usikilize kwa makini, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Dawa inayomponya panya haimponyi mtu kila mara.

Mwaka wa 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio lililohusu watu 144 wenye maltipo sklerosisi katika nchi 9. Walipewa seli za uboho wao wenyewe, na kwa kipindi kingine wakapewa dawa bandia ili kulinganisha. Seli hazikuwaletea madhara makubwa, lakini hazikupunguza mabaka mapya ya uvimbe katika ubongo kuliko dawa bandia. Jaribio hilo lilipima uvimbe zaidi kuliko kurudi kwa ganda, kwa hiyo halikufunga mlango. Lakini tiba halikuileta.

Kwa watoto, mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza jaribio la kuwapa watoto wenye mtindio wa ubongo damu ya kitovu chao wenyewe, iliyokuwa imehifadhiwa tangu kuzaliwa. Kwa jumla watoto waliopewa damu hiyo hawakuwazidi wale waliopewa dawa bandia. Waliopata kipimo kikubwa cha seli ndio walioonyesha nafuu kiasi katika mwendo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia nafuu ya aina hiyo kwa baadhi ya watoto. Ni nafuu kiasi, wala si kupona.

Mwaka wa 2022, madaktari wa Utrecht, Uholanzi, walieleza jinsi walivyowatilia watoto wachanga 10 matone ya seli puani. Watoto hao walikuwa wamepata kiharusi karibu na wakati wa kuzaliwa. Lengo la kwanza lilikuwa kujua kama njia hiyo ni salama, na hawakuona madhara makubwa. Lakini watoto 10 ni wachache mno, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Basi hapo ndipo tulipo. Mlango umefunguka kidogo, mwanga unaonekana, lakini hatujaingia ndani.

WANAOUZA KABLA YA WAKATI

Kuna wanaouza sindano za seli shina na za eksosomu kama kwamba zimeshathibitishwa. Mwezi wa Desemba 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa. Walikuwa wametibiwa kwa bidhaa zilizosemekana kuwa na eksosomu, na bidhaa hizo hazikuwa zimeidhinishwa. Sindano isiyo safi huweza kuingiza maambukizi katika damu au uti wa mgongo wa mtoto. Kwa hiyo hatari si ya pesa tu.

Ukiletewa habari ya tiba ya namna hii, kabla ya kuitisha harambee uliza maswali haya:

1. Je, hii ni tiba iliyoidhinishwa au ni utafiti? Kama ni utafiti, hapa Kenya kibali cha Bodi ya Madawa na Sumu na cha kamati ya maadili kiko wapi? Kama ni nchi nyingine, nani amewaidhinisha huko?

2. Kwa nini ninalipishwa? Katika utafiti wa kweli, kwa kawaida mgonjwa halipishwi dawa inayojaribiwa.

3. Je, wanasema tiba hiyo moja huponya mtindio wa ubongo, usonji, kisukari, kiharusi na maumivu ya mgongo? Dawa inayodaiwa kuponya kila kitu ni ya kutiliwa shaka.

4. Ushahidi wao ni nini? Picha na sifa za wazazi wengine hazitoshi. Mtoto anayekua huendelea kupata uwezo mpya hata bila sindano.

5. Mtoto akipata madhara tukisharudi nyumbani, nani atamtibu na kwa gharama ya nani?

Yapeleke majibu kwa daktari anayemwona mtoto wako. Usiogope kuuliza. Daktari mzuri hakasirishwi na swali la mama.

UNACHOWEZA KUFANYA LEO

Mama mpendwa, kulinda ganda la mtoto kunaanzia nyumbani na kliniki.

Ukiwa mjamzito, hudhuria kliniki mapema na umeze tembe za madini ya chuma na foliki unazopewa. Mafundi wa ganda wanahitaji madini ya chuma ili wafanye kazi. Jifungulie hospitalini au katika kituo cha afya, ambapo mtoto akikosa hewa atasaidiwa mara moja.

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo, mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wahudumu watakavyokuonyesha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2022 kwamba huduma hii ya kangaruu ianze upesi iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Baridi ya huku kwetu chini ya Mlima Kenya ni kali, na kifua cha mama ni joto lisilokatika.

Mpe maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha huku ukimwongezea chakula laini, na ukiweka yai, maini, nyama iliyosagwa au omena ya unga. Nawe pia ule vyakula hivyo unapoweza.

Chemsha maziwa. Pika kuku hadi aive kabisa. Nawa mikono kwa sabuni, na usiukatie nyama mbichi na mboga za kachumbari ubao mmoja.

Mtoto mchanga akishindwa kunyonya, akipata degedege, akiwa na homa au mwili wa baridi, au macho na ngozi vikawa vya manjano, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Mtoto yeyote akilegea mguu au mkono ghafla, usimkande nyumbani wala usingoje kesho. Huenda ni Guillain-Barré, huenda ni polio, au jambo lingine. Nchini Kenya, kila mtoto aliye chini ya miaka 15 akipata udhaifu wa ghafla wa namna hii, wahudumu wa afya hutakiwa kutoa taarifa na kuchukua choo chake mara 2, kwa muda wa saa 24 au zaidi kati ya cha kwanza na cha pili, katika siku 14 za mwanzo. Kisha choo hicho hupimwa katika maabara ya KEMRI jijini Nairobi. Ukichelewa, kipimo huharibika, na pia mtoto huweza kushindwa kupumua akiwa nyumbani. Hata mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako anaweza kukusaidia kumfikisha hospitalini.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Swali: Kitovu na kondo la nyuma vya mtoto wangu vilitupwa. Je, nilimpotezea nafasi yake ya kupona?

Jibu: Hapana. Usijilaumu hata kidogo. Damu ya kitovu haijawa tiba iliyothibitishwa ya ubongo ulioumia. Tena, katika majaribio mengi hutumika seli zilizotoka kwa mtu mwingine.

Swali: Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo. Kama seli shina bado, basi nikae tu?

Jibu: Usikae tu. Mwaka wa 2014, watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwafundisha panya kukimbia kwenye gurudumu lenye ngazi zisizolingana. Wale waliozuiwa kutengeneza mafundi wapya wa ganda walishindwa kujifunza vizuri. Maana yake ni kwamba ubongo unapojifunza mwendo mpya, unahitaji ganda jipya. Hatuwezi kukuahidi kwamba mazoezi yatarudisha kila kilichopotea. Lakini kila unapomsaidia mtoto kushika kikombe, kugeuka au kukaa, unampa ubongo kazi ya kujifunza.

Kwa hiyo mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti au hospitali nyingine iliyo karibu, ujifunze mazoezi hayo na kuyafanya nyumbani kila siku. Umri wa miaka 2 ya kwanza ni wa thamani kubwa, lakini hata mtoto mkubwa hufaidika. Akifikia umri wa shule, uliza kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka wa 1984. Na umsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Swali: Jamaa wameshachanga pesa za sindano. Tufanye nini nazo?

Jibu: Kaa nao na uwaeleze uliyoyasikia leo. Pesa hizo zinaweza kulipa nauli ya kliniki ya mazoezi kwa miezi mingi, kununua kiti maalumu cha kumkalisha mtoto wima, viatu vya kumsaidia, dawa za kifafa kama anazihitaji, na mayai na maziwa ya mwaka mzima. Hayo yote yana faida inayojulikana. Na ng'ombe wenu atabaki zizini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mishipa ya fahamu ina ganda liitwalo mayelini, na ganda hilo huweza kurekebishwa na mwili wenyewe.

Seli shina huonekana kusaidia zaidi kwa vitu zinavyotoa. Utafiti unaendelea, lakini sindano za kurekebisha ubongo wa mtoto bado hazijathibitishwa.

Uliza maswali matano kabla ya kulipa.

Chemsha maziwa, mnyonyeshe mtoto, mpe vyakula vya wanyama kwa umri wake, na usikose kliniki.

Mtoto akilegea ghafla, nenda hospitalini leo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo afanye mazoezi kila siku, hata kwa dakika chache, ukiwa naye mkichezacheza.

Tumefika mwisho wa mazungumzo yetu. Mweleze na jirani uliyoyapata, hasa yule ambaye barua ya harambee yake imeanza kuzunguka. Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kwaheri, na mtoto alale salama.